Kauli ya Kutendua

Feni niliyoachiwa na marehemu shangazi ilianza kuguna. Ukibonyeza swichi, mota inatoa mlio mzito wa chinichini, kitako kinatetemeka, lakini mapanga yametulia tuli. Niliizima nikaiwasha. Nikaipiga kikofi ubavuni. Mwisho nikaizungushia waya wake, nikaibeba kwapani hadi kwa fundi, na njia nzima moyoni nilikuwa nimeshaanza kuiaga.

Fundi hakukimbilia kuifungua. Aliichomeka, akaiwasha, akatoa kijiti chembamba kwenye ndoo yake ya vifaa, akakipenyeza kati ya nyaya za mbele na kusukuma panga moja taratibu. Mapanga yakazunguka mara moja kwa uvivu, mara ya pili yakachangamka, kisha yakashika kasi na karatasi zilizokuwa mezani zikaruka. Akaizima.

"Umeona, mwanangu? Mota ni nzima. Nguvu ya kuzunguka inayo. Inachokosa ni nguvu ya kuanza."

Akaipindua. Chini ya kitako kulikuwa na skrubu nne za kawaida kabisa, zile za bisibisi ya msalaba. Dakika mbili kifuniko kilikuwa nje, na ndani akanionyesha kijisanduku cheusi chenye waya mbili: kapasita. Mota za namna ile hulishwa na mkondo mmoja wa umeme, na mkondo mmoja peke yake hauwezi kuiambia mota izunguke upande upi. Kapasita huifanya koili ya pili ipate mkondo wake kwa wakati tofauti na koili ya kwanza, na ile tofauti ya wakati ndiyo inayotoa msukumo wa kwanza. Miaka inavyopita kapasita huchoka, uwezo wake wa kubeba chaji hupungua, na feni hugeuka kama mtu anayejua kutembea lakini hawezi kuinuka kitini. Ya kwetu iliandikwa uwezo wa 1.5, mita ikasoma 0.4. Fundi akakata waya mbili, akaunganisha kapasita nyingine, akalehemu, akazungushia utepe, akarudisha skrubu nne. Dakika ishirini hazikufika.

Kwa kuwa siku ilikuwa imeanza vizuri, nikatoa mfukoni vipokea sauti vyangu vya masikioni, vile visivyo na waya. Vilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kimoja kilikuwa kikizima baada ya dakika kumi, kingine baada ya robo saa. Fundi alivaa miwani yake, akakigeuza kimoja chini ya taa, akapitisha ukucha kando kando akitafuta mahali pa kuanzia. Akakigeuza tena. Akakiweka mezani.

"Hiki hakina mlango."

Ndani yake, alinieleza, kuna betri isiyozidi kitufe cha shati, na hiyo tu ndiyo iliyochoka. Spika ni nzima, maikrofoni ni nzima, kila kitu kingine kinafanya kazi. Lakini ganda limegandishwa kwa gundi pande zote. Kuifikia betri hiyo ni kulipasua ganda, na ukipitiliza kisu ukaitoboa betri ya lithiamu inaweza kushika moto mkononi mwako. Akanirudishia huku akitikisa kichwa. "Naweza kukufungulia. Sitaweza kukufungia."

Nilirudi nyumbani na feni kwapani na vile vidude viwili mfukoni, na nikakumbuka kipindi kimoja cha sarufi shuleni. Mwalimu alikuwa amechora jedwali la safu mbili ubaoni. Funga, fungua. Ziba, zibua. Anika, anua. Tandika, tandua. Ezeka, ezua. Fuma, fumua. Chomeka, chomoa. Bandika, bandua. Kauli ya kutendua, alituambia: sauti moja ndogo inaingia katika kitenzi na tendo zima linageuka na kurudi lilikotoka. Nililipenda lile somo kuliko masomo yote ya mwaka ule. Lugha ilikuwa inaniambia kwamba waliotutangulia, kila walipokuwa wakiezeka, walijua kuna siku mtu ataezua, na neno lake wakamwandalia kabisa.

Kisha tukafika kwenye vitenzi visivyokubali. Vunja. Chana. Mwaga (maji yakimwagika hayazoleki, tuliimba darasa zima). Choma, ile ya moto. Mwenzetu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza, na tupa? Mwalimu akafikiri kidogo, akaandika "tupa" katika safu ya kwanza na safu ya pili akaiacha wazi.

Tangu siku ile ya feni, kila ninaposikia watu wakizungumzia uchumi wa mzunguko, yaani vitu kutumika tena na tena badala ya kutupwa, nafsi yangu inakwenda kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi ubaoni. Kwa sababu ukiyaondoa maneno makubwa, jambo lenyewe linabaki hili: je, kitu hiki kilipounganishwa, aliyekiunganisha alifikiria namna ya kukitendua? Kama alifikiria, kina maisha mengi. Kama hakufikiria, kilikuwa taka tangu siku kilipotoka kiwandani. Kilichobaki kilikuwa kusubiri tarehe.

Watu wengi wakisikia uchumi wa mzunguko wanaona picha ya pipa lenye mishale mitatu. Urejelezaji una nafasi yake, na nitaufikia, lakini uko mwisho wa foleni. Mbele yake kuna kutumia tena, kuna kutengeneza, kuna kubadilisha kipuri kimoja na kuacha vingine vyote vilivyo. Kuchakata upya ni kuyeyusha, kusaga, kuanza karibu na mwanzo. Ukiisaga feni ya shangazi utapata shaba kidogo, chuma kidogo na plastiki ya daraja la chini. Utakuwa umepoteza kazi yote iliyoingia humo: koili iliyosukwa duru baada ya duru, ekseli iliyochongwa ikanyooka, mapanga yaliyosawazishwa yasitikisike. Kazi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kitu chenyewe, na haina kilo. Kwa hiyo kwenye mizani ya chuma chakavu haionekani.

Aliyeliweka jambo hili wazi zaidi ni Walter Stahel, msanifu majengo wa Uswisi. Mwaka 1976 yeye na mtafiti Geneviève Reday waliiandikia Tume ya Ulaya ripoti iliyouliza kama kazi ya mikono ya watu inaweza kuchukua nafasi ya nishati. Hesabu aliyoirudia tangu hapo ni hii: takribani robo tatu ya nishati ya viwandani huliwa na kuchimba na kuzalisha malighafi kama chuma na saruji, na robo tu ndiyo huingia katika kuzigeuza malighafi hizo kuwa bidhaa. Kwa upande wa kazi za watu, mambo ni kinyume: sehemu ndogo iko kwenye malighafi, kubwa iko kwenye kuunda bidhaa. Maana yake ukikirefushia kitu maisha, unaokoa pale panapokula nishati nyingi na unaajiri pale panapohitaji mikono mingi. Fundi wangu hajawahi kuisoma ripoti hiyo. Ameishi ndani yake miaka yote.

Sasa nirudi kwenye mishale mitatu, kwa sababu huko nako nimekaa na watu ambao heshima wanayopewa hailingani hata kidogo na ujuzi walio nao.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa nikienda asubuhi kukaa na wachambuaji wa taka, wale tunaowaita waokota chupa kana kwamba kazi yao ni kuinama tu. Mama mmoja aliniketisha karibu naye juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mbele yetu kilima cha chupa. Mikono yake haikusimama hata alipokuwa akinisemesha. Alikuwa akiishika chupa, anaipindua kitako, anaibonyeza mara moja, inaruka kulia au kushoto. Nilimwomba apunguze mwendo anifundishe.

"Tazama kitako, mwanangu. Ukiona kinundu katikati, kama kitovu, hiyo ni PET. Ukiona mstari umekatiza kitako chote, iache, hiyo ndiyo inayoharibu."

PET ndiyo plastiki ya chupa nyingi za maji na soda. Inayoharibu ni PVC, plastiki ya aina nyingine. Kwa macho zinafanana kama pacha: zote zinang'aa, zote zinapitisha mwanga. Lakini PET huyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 260, na PVC kwenye joto hilo huungua, hutoa asidi, na kuacha madoa meusi. Chupa chache tu za PVC zikipenya zinaweza kuharibu mzigo mzima wa PET. Njia yake ya pili ilikuwa kuikunja: PVC ikikunjwa huacha alama nyeupe pale pa kunjo. Ya tatu ilikuwa sikio. Alibonyeza mbili mfululizo huku amefumba macho, akaniambia ipi ni ipi.

Baada ya kukatwakatwa vipande vidogo, chupa huingia kwenye beseni kubwa la maji. Hapo niliona jambo lililonifurahisha kama mtoto. Vifuniko vya chupa ni vya plastiki nyingine, nyepesi kuliko maji; chupa yenyewe ni nzito kuliko maji. Ukikoroga na kusubiri, vipande vya vifuniko, vyekundu na bluu na kijani, vinapanda juu kama maua, na vile vinavyopitisha mwanga vinazama. Hakuna mashine, hakuna kemikali. Maji yanatendua peke yao, kwa sababu mtu fulani alipobuni chupa hakulazimisha kifuniko na mwili viwe kitu kimoja.

Lakini kulikuwa na chupa nyingine zilizovalishwa lebo kama soksi, imebana kuanzia shingoni hadi kitakoni. Nyingi za lebo hizo ni za PVC, na PVC huzama pamoja na PET. Maji hayawezi kuzitenga. Ikabidi kila moja ichanwe kwa wembe, kwa mkono, kabla haijafika kwenye beseni. Nilihesabu dakika zilizopotea kwa ajili ya lebo moja ya kupendeza, na niliona vidole vya yule mama vilivyojaa makovu. Aliyeamua lebo ile ivaliwe hivyo hajawahi kuketi juu ya ile ndoo.

Pembeni kabisa palikuwa na lundo ambalo hakuna aliyeligusa. Vipakiti. Vile vidogo vya kuchana kwa meno. Kipakiti kimoja kinaweza kuwa na tabaka la plastiki moja, tabaka jembamba la alumini, tabaka la plastiki nyingine, na wino, vyote vimegandishwa pamoja kwa unene mdogo kuliko unywele. Alumini ikiwa peke yake ni mali: kuiyeyusha upya huokoa karibu asilimia 95 ya nishati ya kuizalisha kutoka kwenye madini. Ndani ya kipakiti haina mkombozi. Nilimuuliza yule mama vinakwenda wapi. Alionyesha kwa kidevu moshi uliokuwa ukipanda upande wa pili wa ukuta.

Mwaka 2017 watafiti watatu, Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law, walichapisha hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani hadi 2015: tani bilioni 8.3. Kati ya hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa zimeshakuwa taka. Asilimia 9 ya taka hizo zilichakatwa upya, 12 zikachomwa, na 79 zikabaki kwenye majaa au zikatapakaa. Namba ya 9 hutumiwa mara nyingi kuwalaumu watu kwamba hawajali, hawatengi, hawajaelimishwa. Baada ya zile asubuhi siwezi tena kukubali lawama hiyo iwaangukie wao. Nimemwona mtu anayeitambua plastiki kwa sikio akishindwa na kipakiti. Tatizo halikuwa mikono yake.

Na pale ambapo mikono hiyo imetambuliwa rasmi, mambo yamebadilika. Bogotá, Kolombia, wazoa taka walipigania haki yao mahakamani kwa miaka mingi, wakishinda kesi moja baada ya nyingine, mpaka jiji likaanza kuwalipa mwaka 2013 kwa huduma wanayoitoa, kwa uzito wa kile wanachokiokoa. Nohra Padilla, aliyekulia katika kazi hiyo na kuwa kiongozi wao, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka huohuo. Ninachokipenda katika habari hiyo ni neno huduma. Hawakuomba kuonewa huruma. Walileta hesabu ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Kuna mji mdogo wa milimani huko Japani, Kamikatsu, wenye wakazi wasiofika 1,500, ambao mwaka 2003 ulitangaza kwamba ifikapo 2020 hautapeleka kitu chochote jalalani wala kwenye tanuri. Wakazi wanaosha, wanakausha na kutenga taka zao wenyewe katika mafungu zaidi ya 40. Karatasi tu ina mafungu kadhaa. Mabaki ya jikoni kila nyumba inayageuza mboji. Nimesoma sana kuhusu mji huu, kwa sababu kama kuna watu duniani waliofanya kila ambacho mwananchi anaweza kufanya, ni hawa. Walifika takribani asilimia 80. Hapo wakakwama. Zile 20 zilizobaki ni viatu vilivyogandishwa soli, nepi, vitu vya mpira na kitambaa na plastiki vilivyoungana visiachane. Kiatu cha soli iliyoshonwa unakipeleka kwa fundi, anafumua, anashona soli mpya. Kiatu cha soli iliyogandishwa, hata watu wa Kamikatsu na mafungu yao yote hawana fungu la kukiokoa.

Nilipoanza kutazama dunia kwa jicho hili, niliona jambo lilelile mpaka kwenye kuta za nyumba. Zamani matofali ya kuchoma yalijengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali. Nyumba ikibomolewa unaligonga tofali kidogo, chokaa inadondoka, tofali linabaki zima, linakwenda kujenga nyumba nyingine. Saruji ilipochukua nafasi ya chokaa, kiungo kikawa kigumu kuliko tofali lenyewe. Ukigonga, tofali ndilo linalopasuka. Huko Copenhagen, Denmark, wasanifu wa kampuni ya Lendager walipotaka kutumia matofali ya majengo ya zamani kwa mtaa mpya wa makazi, saruji iliwashinda, ikabidi waache kuyatenganisha. Wakayakata kwa msumeno ukutani, vipande vya mraba vikiwa na saruji yake, na kuvipanga upya kama viraka kwenye kuta mpya. Picha zake zinapendeza kwelikweli. Lakini uzuri huo ni wa watu waliopambana na kosa lililofanywa miaka hamsini kabla yao.

Na kinyume chake kipo, tena cha zamani zaidi. Mwaka 1851 Joseph Paxton alijenga Crystal Palace katika bustani ya Hyde Park, London: jengo kubwa la chuma na kioo, vipande vyake vimetengenezwa kwa vipimo vinavyojirudia na kufungwa pamoja papo hapo. Maonyesho yalipokwisha, likakongolewa, likahamishwa, likasimamishwa tena Sydenham, likafunguliwa mwaka 1854 likiwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Kukongoa: hilo nalo ni neno letu zuri, la kitanda na la jahazi, na sisikii mtu akilitumia siku hizi kwa sababu hakuna kinachokongolewa.

Nguo nitazipitia haraka, maana zinastahili makala yake. Fundi cherehani wa zamani alikuwa akiacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono ili gauni lifumuliwe na kutanuliwa mwenye nalo akinenepa, au akilirithi mdogo mtu. Siku hizi mshono umekatwa ukingoni kabisa, na uzi wa pamba umesokotwa pamoja na poliesta kiasi kwamba kuvitenga ni kazi ya maabara. Taasisi ya Ellen MacArthur, inayohimiza uchumi wa mzunguko, ilikadiria mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi za nguo hurudi kuwa nguo mpya.

Watengenezaji wana jibu lao, na ni haki kulisikiliza. Wanasema gundi inazuia maji na vumbi, inafanya kifaa kiwe chembamba na chepesi, na ndivyo wanunuzi wanavyotaka. Ni kweli gundi huzuia maji. Lakini saa za wapiga mbizi zimekuwa zikizuia maji kwa miongo mingi kwa mpira mwembamba na kifuniko cha kukaza, na fundi wa saa huzifungua, hubadilisha betri na mpira, akazifunga. Tena gundi yenyewe si lazima iwe ya milele. Mwaka 2024 Apple ilipotoa iPhone 16 ilitumia gundi inayoachia betri ikipitishiwa umeme mdogo: unaunganisha waya mbili, unasubiri kidogo, betri inabanduka. Niliposoma habari hiyo niliiweka simu chini nikacheka kwa furaha. Bandika, bandua. Kumbe iliwezekana. Kilichokosekana miaka yote hiyo kilikuwa mtu wa kuwadai.

Na madai yameanza kuandikwa sheria. Januari 2021 Ufaransa ilianza kulazimisha simu, kompyuta mpakato, televisheni na mashine za kufulia zibandikwe alama kati ya 0 na 10 inayoonyesha kama kifaa kinatengenezeka: je, maelekezo yanapatikana, kinafunguka kwa vifaa vya kawaida, vipuri vipo, na vinauzwa kwa kiasi gani kulinganisha na kitu chenyewe. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi kwa kanuni ya betri ya mwaka 2023: kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo zitatakiwa ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mlango ambao fundi wangu aliutafuta kwa ukucha asiupate, sheria itamdai mtengenezaji auweke. Hili si jambo dogo. Bidhaa huundwa kwa ajili ya soko lote, na kifaa kilichopewa mlango mahali pamoja kitafika na mlango wake hata kwa fundi ambaye bunge lake halijawahi kulijadili suala hili.

Sheria lakini hazikuanza zenyewe. Oktoba 2009 mwandishi wa habari Martine Postma aliandaa siku moja Amsterdam ambapo watu walileta vitu vibovu, wakaketi na watu wenye ujuzi wakavitengeneza pamoja, bila malipo. Aliiita Repair Café, yaani mkahawa wa kutengeneza vitu. Leo mikusanyiko ya namna hiyo imepita elfu mbili duniani. Nguvu yake naiona kwenye lile neno pamoja. Mtu aliyekiona kifaa chake kikifunguliwa mbele ya macho yake hanunui tena kwa upofu. Akienda dukani anakipindua kitu chini kutafuta skrubu. Mimi nimekuwa hivyo. Wauzaji wananishangaa.

Sisemi kila cha zamani kihifadhiwe. Friji la kale linaweza kula umeme mwingi kiasi kwamba kuling'ang'ania ni hasara kwa mwenye nalo na kwa hewa pia. Wala kila kitu hakihitaji skrubu. Mabaki ya jikoni yana njia yake ya kutenduka, ya zamani kuliko lugha zote: yakipata hewa na unyevu na majani makavu ya kutosha, wadudu wasioonekana huyarudisha kuwa udongo kwa miezi michache, na lundo likipashwa vizuri ukiingiza mkono unautoa upesi kwa joto. Hayohayo yakifukiwa jalalani bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha dunia kwa nguvu kubwa kuliko kaboni dioksidi. Tofauti ni pumzi tu.

Ila kwa vitu vya umeme nimeshikilia msimamo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024, na chini ya robo yake ndiyo iliyoandikwa kuwa imekusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Vipokea sauti vyangu viwili ninavyo bado kwenye droo. Spika zake ni nzima. Havitupiki, havifunguki.

Jumamosi nyingi sasa naketi na fundi. Ameniachia kazi za mwanzo: kufungua, kupanga skrubu kwenye kifuniko cha mtungi kwa mpangilio zilivyotoka, kusafisha, kulehemu waya zisizo na madhara nikikosea. Wiki iliyopita feni ya shangazi ilianza kutoa mlio wa kusaga, mkavu, nikajua inadai mafuta. Nikaifungua mwenyewe nyumbani, usiku, kwa bisibisi ya msalaba. Kwanza nyavu, kisha mapanga, tone moja la mafuta ya cherehani kila mwisho wa ekseli. Kwa kuwa mikono ilikuwa imeshazoea nikafungua na kitako, nione kapasita yetu inaendeleaje.

Siku ile ya kwanza nilikuwa naitazama kapasita, sikukitazama kifuniko. Upande wake wa ndani kulikuwa na maandishi ya penseli, mistari mitatu, kila mmoja kwa mwandiko wake. Wa juu umefifia: "swichi, 1998". Chini yake, kwa herufi kubwa za mtu mwenye haraka: "WAYA 2007". Wa tatu niliutambua mara moja, zile namba zilizolala upande ndizo anazoandikia risiti zake: "kap. 1.5", na tarehe ya siku niliyobeba feni kwapani nikiiaga.

Nilitafuta penseli nyumba nzima. Nilipoipata nikaandika chini ya ule wa tatu, "mafuta", na tarehe, nikakirudisha kifuniko na kukaza skrubu nne, bila kuzibana sana.